Nyumbu Waliposafiri kwa Sofa Kwenda Loitokitok

Tangu turudi, kila ninapopita soko la Kitengela kuna mtu wa kunishika mkono na kuniuliza, "Kwani ilikuwaje na hao ng'ombe?" Nimeusimulia mwisho mara nyingi bila mwanzo, na mwanzo ndio mtamu. Kwa hivyo nimekaa nyuma ya meza yangu ya mitumba nikaandika yote. Atakayeniuliza tena nitampa akasome, mimi niendelee kuuza.

Kwa wasiotujua, Nyumbu ni timu ya mtaa wetu. Jina lilitoka kwa baba zetu. Walipohamia hapa kutoka Magharibi kufanya kazi kiwandani, walikuwa wakiwaona nyumbu wakitoka mbugani na kupita nyuma ya nyumba, wengi mpaka vumbi lao linaingia kwenye chai. Mimi niliwaona kwa macho yangu. Leo pale walipokuwa wakipita kuna maghorofa na kamba za nguo, na nyumbu waliobaki ni kumi na mmoja tu, wanavaa jezi za kijivu na hukimbia Jumapili baada ya kanisa.

Mwaka huu Nyumbu hao walifika mbali. Kuna mashindano ya vilabu vya pande zote mbili za mpaka, ambayo yanachezewa Tanzania, chini ya mlima, na Kajiado yote hupewa nafasi moja. Tuliwatoa vijana wa Nkoroi kwa penalti. Tukawatoa wa Kona Baridi kwa penalti pia, siku ambayo upepo ulikuwa unaubeba mpira mpaka barabarani. Zikabaki mechi mbili na timu ya Loitokitok, ya kwanza kwetu na ya pili kwao. Mwenye jumla kubwa ndiye angefuzu kuvuka mpaka. Kwetu kila timu ilipata bao moja.

Kipa wetu ni ndugu yangu mdogo, Wafula. Ni fundi wa ujenzi, anakaribia arobaini, na magoti yake hutabiri mvua kabla ya redio. Alishatangaza kwamba huu ni mwaka wake wa mwisho. Mzururaji wa familia ni mimi. Nimeuza nguo Busia, Malaba, Taveta na Moyale, na sijui ni mara ngapi nimekula mchana nchi moja na jioni nchi nyingine. Wafula hajawahi kutoka Kenya hata kwa kupotea njia. Nimemwalika mara nyingi, na tangu akiwa kijana jibu lake ni moja: "Dada, nitavuka nikiwa na jezi. Mimi nataka kucheza ng'ambo, sio kutembea."

Sasa kati yake na ng'ambo kulikuwa kumebaki mechi moja.

Kitengela hadi Kajiado: tumekaa vizuri

Gari letu lilikuwa lori la Mutua, ambaye hubeba nyanya na vitunguu kutoka Loitokitok. Huenda tupu na kurudi limejaa, kwa hivyo alikuwa ametuambia tupande tu. Asubuhi lilipofika halikuwa tupu. Nyuma kulikuwa na makreti ya mbao yamepangwa, na mbele ya makreti seti nzima ya sofa nyekundu, bado zimefungwa nailoni.

Mutua alisema ni za mzee mmoja wa Mashuuru na ni njiani. Kocha Njoroge akauliza sisi tutakaa wapi.

"Kwani sofa ni za nini?" Mutua akamjibu.

Ndivyo tulivyotoka Kitengela. Nimesafiri kwa kila kitu chenye magurudumu katika nchi hii na sijawahi kukaa vizuri hivyo. Wachezaji wanne walienea kwenye ile ndefu, wengine wakabanana kwenye mikono ya viti, upepo unatupiga usoni na nailoni inalia chini yetu. Isinya tulipopunguza mwendo, akina mama wanaouza shanga walisimama wote, mmoja akauliza kwa sauti sisi ni wageni wa harusi ya nani. Wafula akasimama, akainamisha kichwa kama bwana harusi. Walicheka mpaka tukapotea machoni.

Kocha Njoroge alichukua kiti cha mtu mmoja na kukigeuza kitutazame. Kocha ana duka la vifaa vya ujenzi, na hajawahi kukosa mpira wa Ulaya kwenye runinga kubwa iliyo kando ya stendi. Akatueleza mpango. Hatuendi kufunga, alisema, tunaenda kutofungwa. Tukimaliza dakika tisini bila bao tutaongezewa thelathini, hizo nazo tuzimalize bila bao, halafu penalti, na penalti tuko na Wafula.

Beki mmoja aliuliza habari ya goli la ugenini. Mnaikumbuka ile sheria: timu zikilingana kwa jumla, iliyofunga mengi kwa mwenzake ndiyo inapita. Loitokitok walikuwa wametufunga moja kwetu. Je, tukitoka bila bao kwao, si watapita?

Kocha alicheka kama mtu aliyeulizwa kama bado kuna simu za kuzungusha kwa kidole.

"Hiyo sheria ilikufa. Wewe huoni mpira? Waliifuta, na sote tuliona wakiifuta."

Ni kweli, sote tuliona. Mambo yakaishia hapo.

Kajiado: glavu na abiria

Tulipokaribia Kajiado Wafula alianza ghafla kupapasa begi lake. Glavu zake alikuwa ameziosha jana na kuzianika dirishani, na dirishani ndiko zilikobaki. Tukasimama mjini, tukatafuta duka la michezo, tukakuta limefungwa kwa sababu mwenye duka amekwenda mazishini. Mwishowe Wafula alinunua glavu za mjengo, zile za kitambaa zenye mpira mwekundu kiganjani. Alisema huzivaa kila siku ya Mungu na hazijawahi kuangusha tofali. Kocha hakulalamikia glavu. Alilalamika kwamba kwake dukani ziko nyingi na hakuna aliyemwambia.

Tukiwa pale, mama mmoja wa Kimaasai mwenye shuka ya bluu na mkoba mkubwa alimwita Mutua kwa jina. Alikuwa ni Mama Naserian, mmoja wa wale wanaomuuzia nyanya. Alikuwa amekuja kumwona binti yake shuleni na sasa anarudi kwake Loitokitok. Nikamsalimia kwa Kimaasai, supa, akaitika ipa, na kwa sababu alinishinda umri kidogo nikampisha upande wa sofa usio na jua.

Alituuliza sisi ni akina nani. Vijana wakaitika kwa pamoja kwamba ni Nyumbu.

"Nyumbu," akasema, akatutazama mmoja mmoja. "Zamani nyumbu walikuwa wanatembea kwa miguu."

Ikajulikana kwamba yeye ni shabiki wa timu tunayokwenda kucheza nayo, tena si shabiki wa kubahatisha. Hajakosa mechi yao hata moja ya nyumbani. Vijana wakataka ashushwe. Yeye akawaambia kwamba akishuka watapotea, na kwamba Loitokitok nyumbu huliwa na simba. Kocha, kwa heshima ya mgeni, akaurudia mpango wetu wote tangu mwanzo: hakuna bao, dakika thelathini, penalti, Wafula. Mama Naserian alimsikiliza hadi mwisho. Alitabasamu, akafunga zipu ya mkoba wake, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Mashuuru: sofa zinafika kwao

Boma la mwenye sofa lilikuwa ng'ambo ya mto mkavu, na Mutua alikataa kuliingiza lori kwenye mchanga. Basi timu ikabeba. Kocha alikimbia pembeni akihesabia kila mmoja misuli ya mapaja ambayo itahitajika kesho, na Wafula, ambaye maisha yake ni kubebesha watu vitu vizito bila kuviangusha, alipanga nani ashike wapi. Ile sofa ndefu ilivuka mto vichwani mwa wachezaji sita kama jeneza la mtu aliyependwa.

Mzee mwenyewe alitungoja mlangoni akiwa na rungu na miwani. Akakagua. Akaipangusa sofa kwa kidole, kidole kikawa chekundu kwa vumbi, kwa sababu nailoni ilikuwa imepasuka tangu Isinya. Akabonyeza mahali beki wetu mnene alipokuwa amekaa.

"Mimi nilinunua mpya," alisema. "Hizi zimeshazoea watu."

Tukaanza kuomba msamaha wote kwa pamoja. Aliyetuokoa ni mke wake. Alisema kama tumezikalia kutoka Kitengela, basi tuzikalie na ndani, chai iko tayari. Tukaingia, tukakaa, tukapewa chai ya maziwa matupu ambayo ukiiacha kidogo inashika utando.

Kumbe sofa zilinunuliwa kwa ajili ya wakwe waliotarajiwa siku hiyo, na wakwe walifika mapema. Walikuta nyumba imejaa vijana wenye afya, wamevaa nguo za aina moja, wanakunywa chai kwa adabu. Mzee wao mkubwa alitupita mmoja mmoja akitushika mikono. Wadogo waliinamisha vichwa wakaguswa utosini, salamu ya Kimaasai kwa vijana. Halafu akamgeukia mwenyeji na kumwambia kwa Kimaasai maneno ambayo Mama Naserian alinitafsiria sikioni: kwamba mtu aliyebarikiwa na wana wengi hivi, hata mahari hakuna haja ya kuvutana.

Nilimwangalia mwenye nyumba. Alinyoosha mgongo, akavua miwani, na hakukataa. Sasa nani angesimama kusema sisi ni timu ya mpira? Tulibaki kuwa wanawe mpaka nyama ikaliwa na maombi yakafanyika. Tulipoaga, alitusindikiza mwenyewe mpaka kwenye mchanga wa mto. Akamwambia Wafula, kama mtoto mkubwa wa nyumba, asisahau kupiga simu.

Emali hadi Kimana: mlima unatoka

Bila sofa safari ilirudi kuwa safari. Tulikaa juu ya makreti, na kila shimo la barabara lilitupata. Emali tulinunua machungwa, tukayamenya kwa meno. Baada ya hapo nchi ikafunguka, nami nikawa yule mtu asiyenyamaza: hapa palikuwa na hoteli ya mabati iliyokuwa na maharage matamu, hapa niliwahi kulala ndani ya gunia la makoti lori lilipoharibika. Vijana waliniacha niseme. Mtu ambaye ametembea sana hukumbuka zaidi mahali ambapo hakuna kitu tena.

Tulilala Kimana, kwenye ukumbi wa kanisa ambao Mama Naserian alituombea kwa mchungaji wake. Asubuhi mlima ulikuwa nje wote, mweupe juu, karibu mno kama mtu aliyekuja kusikiliza mnachosema. Wafula alikuwa amekaa kwenye ngazi na kikombe cha chai, anautazama.

"Kwa hivyo ile ndiyo Tanzania," akasema.

Nikamwambia ndiyo, na kutoka Ilasit, pale mpakani, ni kutembea tu. Vijana walishakuwa na wazo: mechi ni alasiri, twendeni mara moja tule chipsi mayai ng'ambo tuwahi kurudi. Wafula alitikisa kichwa. Winga wetu, ambaye hana heshima lakini anakimbia, akamtania kwamba akikosa kuvuka leo atavuka kwa kiti cha magurudumu.

"Basi kiti kitavalishwa jezi," Wafula akajibu, akamaliza chai yake.

Loitokitok: supu ambayo hatukunywa

Uwanja uko kando ya mji, umeteremka kidogo kuelekea mpakani, na upande mmoja kuna birika la kunyweshea mifugo. Wenyeji walikuwa wametuandalia mapokezi kabisa: mbuzi, ugali, na supu chungu ya mizizi na majani ambayo unaisikia mpaka kwenye masikio. Ni desturi yao, mgeni hachezi kabla hajala.

Kocha Njoroge alikuwa amelitarajia hilo tangu Kitengela. Aliamini wanataka kutulemaza kwa nyama. Akafungua beseni lake la viazi vitamu vya kuchemsha, akatukalisha chini ya mti wetu wenyewe, akasimama mbele ya beseni kama askari. Wenyeji walituangalia tukila viazi baridi huku mbuzi akipoa mezani. Nahodha wao alimwuliza Mama Naserian kama sisi ni wagonjwa.

Mimi niliona aibu. Nikaenda nikakaa karibu na Mama Naserian, nikapewa supu, nikanywa mbili. Si mchezaji, nani angenilemaza?

Katikati ya haya refa alimtuma mtu kumwita Kocha kwenye kikao cha kusoma kanuni. Kocha akasema anakuja. Mtu akatumwa tena. Kocha, ambaye alikuwa amemkamata winga akinyemelea mbavu ya mbuzi, akajibu bila kugeuka: "Waambie waendelee. Sheria nazijua, naziona kila Jumamosi."

Ng'ombe

Kipindi cha kwanza sina la kusema, na aliyekiona hana pia. Sisi tulikuwa tunapiga mpira nje. Wao pia walikuwa wanapiga mpira nje. Kipindi cha pili kikawa cha pole pole zaidi. Beki wetu alifunga kamba za viatu mara nyingi kuliko alivyogusa mpira. Kipa wao naye alikuwa anauweka mpira chini, anautazama, anauhamisha kidogo, anautazama tena. Mashabiki wa Loitokitok walikuwa wanamshangilia kwa kuuhamisha.

Nilikuwa nimekaa na Mama Naserian kwenye ukingo wa birika. Nikaona kitu kinanisumbua na sijui ni nini.

Hapo ndipo ng'ombe walipokuja kunywa maji. Hawakuzunguka uwanja. Walipita katikati, kundi kubwa, ndama nyuma, wakitembea kama watu waliotoka ibadani. Refa akapiga filimbi akasimamisha mchezo. Mchungaji wao, mtu mzima mwenye redio shingoni, alikuwa amejitayarisha kutukanwa. Hakuna aliyemtukana. Wachezaji wetu walikaa chini kwa furaha. Wachezaji wao nao walikaa chini kwa furaha. Timu mbili zinazogombea nafasi moja, zote zimestarehe zinatazama ng'ombe.

"Hao ni wetu," Mama Naserian alisema kwa fahari. "Yule wa mbele mwenye kengele ni mimi nilimlea."

Nikamwambia wamewasaidia Nyumbu kumaliza muda. Halafu kile kilichokuwa kinanisumbua kikapata maneno. Nikamwuliza: sisi tunapoteza muda kwa sababu tuko na kipa wa penalti. Nyinyi mnaupoteza kwa nini?

Alinitazama kama mtu anayepima kama ninatania.

"Kwani sisi si tumeshapita? Tuliwafunga moja kwenu. Ikiisha hivi, sisi ndio tunavuka."

"Lakini hiyo ya ugenini ilifutwa."

"Ilifutwa Ulaya," akasema. "Hapa ni Afrika, bado iko. Na kwenye kikao wameisoma." Akafunika mdomo kwa mkono. "Nilidhani kwenye lori mlikuwa mnatania. Watu wazima wote wale."

Sikumbuki nilivyofika kwa Kocha, nakumbuka tu kwamba nilizunguka ng'ombe. Nilimwambia. Akaniambia nguo ni zangu, mpira ni wake. Nikamwambia basi amwulize refa, huyo hapo, hana kazi. Refa alikuwa amesimama mpira kwapani anangojea ndama wa mwisho.

"Kocha," refa akasema kwa upole, "si tuliwaita mara mbili?"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Aligeuka akaanza kuwapungia wachezaji wasimame, waondoe ng'ombe, haraka. Nao wakaruka kuwafukuza kwa jezi na kelele. Sasa wenyeji ndio wakawa hawana haraka. Nahodha wao alisimama mbele ya fahali mmoja mikono imenyooshwa. "Pole pole," akasema. "Hawa ni ng'ombe wa watu, sio matatu." Na ng'ombe wenyewe, kwa kelele zile, wakasimama kabisa, wakaanza kuzunguka hapo hapo, wakafanya vyote ambavyo ng'ombe hufanya wakishtuka.

Wafula alitoka golini akaja moja kwa moja kwangu.

"Dada, una hakika?"

Nikamwambia niko na hakika. Akatazama uwanja uliojaa ng'ombe, na nyuma ya uwanja mlima, na chini ya mlima mabati ya ng'ambo yanang'aa. Mimi namjua tangu anajifunza kutembea, na sijawahi kumwona akitaka kitu waziwazi vile. Halafu akavua glavu moja, akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi.

Watu wamesahau kwamba likizo zote za utoto wetu tulikuwa tunachunga ng'ombe za babu kule Bungoma. Hakumgusa ng'ombe yeyote. Alimtafuta yule mwenye kengele, akamsemesha, akatembea mbele yake akielekea birikani bila kugeuka nyuma, na kengele ikamfuata, na nyuma ya kengele wakafuata wengine wote. Mama Naserian alisimama aone vizuri. "Huyo ni nani amemfundisha?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya shabiki.

Mchezo ukaanza tena, na kwa muda uliobaki Nyumbu walicheza kama wale wa zamani, wote upande mmoja kwa wakati mmoja, bila mpango. Tulikosa bao, tukakosa tena. Refa akatazama saa. Mpira ukamrudia Wafula mikononi. Hakungoja mtu. Alipiga hatua mbili akaupiga na nguvu zote za magoti yale mabovu, na upepo unaoshuka mlimani ukauchukua.

Kipa wao alitoka vizuri, sitaki mtu aseme alikosea. Alitoka aukamate kabla haujadunda. Lakini pale alipoweka mguu palikuwa na kitu kibichi ambacho ng'ombe wa Mama Naserian walikuwa wamekiacha. Mguu ukaenda Tanzania, yeye akabaki Kenya. Mpira ukadunda juu yake, ukadunda tena, ukaingia wavuni taratibu kama unaotafuta mahali pa kulala.

Nahodha wao alimfuata refa akiwa ameshika kiatu cha kipa kama ushahidi. Akakisogeza mpaka puani pa refa.

"Sasa mnataka nimpe kadi ng'ombe?" refa akauliza. Akaelekeza katikati ya uwanja. Dakika chache baadaye akamaliza.

Mimi nililia, si siri. Kocha Njoroge alikwenda mwenyewe mpaka kwenye meza ya wenyeji, akasimama mbele ya mbuzi aliyepoa, akauliza kama bado anaruhusiwa kula. Walimkalisha. Walimpa bakuli kubwa kuliko yote ya supu chungu, wakamtazama akiimaliza, na hiyo ndiyo adhabu yake.

Mama Naserian alinikuta ninafuta uso kwa leso. Akanipiga begani, si kidogo.

"Timu yangu haikukosea chochote," akasema. "Ni nyumba yangu tu. Mdomo wangu na ng'ombe wangu." Halafu akanifungia nyanya kwenye mfuko, nzuri za kuchagua, akaniambia tukirudi kwa mashindano tutalala kwake, si kanisani.

Ilasit: jiwe la mpaka

Mutua alikuwa na vitunguu vya kupakia Ilasit, kwa hivyo jioni tulishuka naye mpaka mpakani. Wenyeji wa pale wanavuka na kurudi kama mtu anayekwenda kwa jirani kuazima chumvi, na baada ya maneno machache na askari na sisi tukaruhusiwa kwenda kula. Vijana walivuka wakiimba. Kocha alivuka ameshika tumbo.

Wafula alibaki. Alikuwa amekaa kwenye jiwe la mpaka, upande wetu, bado na jezi yake, na mavi ya ng'ombe yamekaukia kwenye soksi. Nikamwambia sasa hana sababu tena. Jezi si hiyo ameivaa? Mechi si ameshinda?

"Leo ni kula, Dada. Nikivuka leo nitakuwa mtu aliyekwenda Tanzania kula wali."

Nikavuka peke yangu, kama kawaida yangu. Nimevuka mipaka mingi na mara nyingi sikukumbuka kuangalia chini nione iko wapi. Jioni ile niliangalia. Nilinunua sahani ya wali na maharage ya nazi, nikairudisha nimeishika kwa mikono miwili, nikampa juu ya jiwe. Nikaanza kumweleza yalivyo huko, kwamba pale sokoni kuna uwanja wa mpira unaonekana, una nyasi upande mmoja, na magoli yamepakwa rangi.

Alinyanyua ile glavu ya mjengo.

"Usiniambie," alisema.

Akachukua sahani, akageuka kwenye jiwe, akaanza kula akiwa ameupa mlima mgongo, asije akaona mapema.